Sauti ya Mtu Asiyeajiriwa

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe tisa mwezi wa sita, saa nne na dakika kumi asubuhi. Hiyo dakika sikuikariri mimi. Wameiandika wao kwenye barua yao, ila wameandika saa kumi na dakika kumi, maana wakubwa hata saa yao si kama ya kwetu. Barua inasema kwamba wakati huo, kwenye laini ya kampuni, ilisikika sauti ya mtu asiyeajiriwa, mwanamume, mtu mzima, akimhudumia mteja kwa dakika sita na sekunde ishirini, na kwamba kati ya hizo, dakika mbili nzima zilikuwa za salamu.

Mtu huyo asiyeajiriwa ni mimi. Nimepiga randa miaka thelathini na nane, kwa hiyo habari ya kuajiriwa na kutoajiriwa inategemea unamuuliza nani.

Aliyeajiriwa ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Zamani alikuwa keshia kwenye duka kubwa lile la ghorofa mbili, miaka sita. Kule makeshia wanne walikuwa na kiti kimoja, na kiti chenyewe ni cha meneja akija kukagua. Ukitaka kwenda msalani unabonyeza kengele, unangoja msimamizi aje na ufunguo wa kufunga kaunta yako, naye akija anakuangalia kama umemuomba figo. Alipojifungua wakampa miezi mitatu, akarudi. Sasa maziwa ya mama hayangoji mwenye ufunguo. Yakifika saa yake yanatoka. Siku moja mteja akamwambia mbele ya foleni nzima kwamba blauzi yake imelowa. Meneja hakumpa nafasi ya kukamua wala dakika kumi za kujisitiri. Alimpa aproni ya plastiki iliyotoka kitengo cha samaki, avae juu ya blauzi.

Akaivaa wiki mbili. Aproni ile ilioshwa, ikaloweshwa kwenye ndimu, ikaanikwa juani, harufu haikutoka. Jioni moja alimpakata mtoto amnyonyeshe, mtoto akageuza uso. Akamgeuza, akageuza tena. Binti yangu hakulia. Aliikunja ile aproni vizuri, akaiweka kwenye mfuko, na asubuhi akaipeleka pamoja na barua ya kuacha kazi. Mimi nilimsindikiza hadi mlangoni pa duka, kwa kuwa nilitaka kumwona huyo meneja sura yake. Nilimwona. Mtu wa kawaida kabisa, anatafuna penseli.

Mkwe wangu ni dereva wa lori la masafa. Anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, mwezi mwingine haji. Yeye alikuwa na mpango wake: mke na mtoto wahamie mji wa mpakani, kule malori yanakolala, angalau awaone mara mbili kwa wiki. Chumba alishakipata, kimoja, choo cha kuchangia. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Baba, mama watoto akikosa kazi hapa, hakuna sababu ya kukaa hapa." Kweli, sababu haipo. Mimi si sababu. Mzee mjane mwenye karakana uani si sababu ya kuzuia familia ya mtu. Lakini mjukuu wangu alikuwa ameshaanza kunijua. Tunamwita Bosi, kwa kuwa akitaka kitu nyumba nzima inasimama, na ndiye bosi pekee maishani mwangu ambaye nikimtumikia anacheka. Wakiondoka, ningebaki mimi na vumbi la mbao.

Basi ikapatikana ile kampuni ya simu. Ni watu wanaopokea simu kwa niaba ya ofisi nyingine. Ukipiga ofisi fulani kuulizia jambo, unadhani unaongea na ofisi, kumbe unaongea na mama mmoja nyumbani kwake, kavaa khanga kiunoni. Walitaka hasa akina mama wenye watoto wadogo, eti kuwasaidia. Mimi nasema walijua mama mwenye mtoto mdogo hawezi kuhama wala kubishana. Walimletea kompyuta, hedifoni, na karatasi ya masharti. Chumba kiwe na mlango unaofungwa. Isisikike sauti ya mtoto, mnyama, redio, chombo cha jikoni wala mtu mwingine. Makosa matatu, kazi imekwisha.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, na mlango wa chumba chake ulikuwa pazia. Nikatengeneza mlango. Mbao nilikuwa nazo, mbao ngumu, zimekauka vizuri. Nilikuwa nimezinunua kwa ajili ya kitanda cha mke wangu, kitanda kirefu kwenda juu, maana daktari alisema akishapasuliwa asiiname. Hakupasuliwa, kitanda hakikutengenezwa. Nikapasua mbao zile, nikatengeneza mlango wa tabaka mbili, katikati nikashindilia sponji ya godoro la zamani, na kuzunguka fremu nikapigilia mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukiufunga, unasikia masikio yanaziba. Yule mkaguzi wao, aliyekagua kupitia kamera, aliuliza umenunuliwa wapi. Binti yangu akamwambia duka lenyewe halina jina.

Tukagawana kazi. Yeye ndani kuanzia saa mbili, mimi uani na Bosi. Saa tano ana dakika kumi za kunyonyesha, nampeleka mtoto mlangoni, nampokea tena kashiba. Saa saba nusu saa ya chakula. Nilijifunza kubadilisha nepi kwa mikono hii ya kushika tupa. Jirani yangu fundi viatu, ambaye kibaraza chake kinatazamana na ua wangu, alikuwa akiniita Mama Mlezi. Nikamwambia afadhali mimi nimepandishwa cheo, yeye tangu nimjue yuko kwenye soli.

Kosa la kwanza lililetwa na jogoo wa huyohuyo fundi viatu, aliyepita dirishani akawika katikati ya simu ya mtu anayeagiza mtungi wa gesi. Jogoo akaliwa wiki hiyohiyo, na mwenyewe alinialika, hakuwa na kinyongo. Kosa la pili lilikuwa la salamu. Bibi mmoja alipiga kuulizia kabati alilonunua, akasalimia kama anavyosalimia mtu aliyelelewa, naye binti yangu akaitikia kama alivyolelewa, akamuuliza na magoti. Ikafika dakika moja na nusu kabla ya kulitaja kabati. Kule wanahesabu: salamu sekunde nane. Msimamizi wake akampigia kumwonya. Huyo msimamizi mimi nilimwita Bibi Asali, kwa sauti yake niliyoisikia siku moja mlango ukiwa wazi. Anakukaripia kwa sauti ya kumbembelezea mtoto. Alisema, "Dada yangu, upendo mwingi, lakini upendo una muda wake."

Kwa hiyo ikabaki moja tu. Nyumba nzima tulijua imebaki moja. Hata Bosi nadhani alijua.

Sasa nieleze habari ya mke wangu, maana bila hiyo Alhamisi haieleweki. Alikuwa mpishi wa shule, miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo alikatwa kwa ajili ya Mfuko wa matibabu. Alipoota uvimbe tumboni daktari akasema apasuliwe mapema. Lakini hospitali haipasui mpaka Mfuko uandike barua ya kibali. Tukapeleka fomu kupitia hospitali. Wakasema msije ofisini, mtajaza watu bure, subirini simu. Nikipiga mimi, wananiambia ombi limepokelewa na linashughulikiwa. Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nimefundishwa kwamba ofisi ikisema subiri, unasubiri. Nikasubiri wiki kumi na moja, simu ikiwa kifuani kama hirizi, hata chooni nilikwenda nayo. Wiki ya kumi na mbili tukazika. Jumatatu iliyofuata wakapiga. Walitaka nakala nyingine ya kitambulisho chake, ile ya kwanza ilikuwa imefifia. Nikamwambia kijana wa upande wa pili kwamba mwenye kitambulisho ameshazikwa. Akasema asante kwa kutupigia, wakati aliyepiga ni yeye.

Watu husema mkubwa ni jalala, kila mtu anamtupia lake. Sijamwona huyo mkubwa jalala. Wakubwa ninaowajua mimi takataka zao wanatutupia sisi, halafu wanapita na kitambaa puani.

Mwezi wa tano binti yangu alibadilika. Alikuwa akitoka chumbani saa saba anasema hana njaa. Alinyonyesha akiangalia ukuta. Nilidhani ni uchovu, nikamwongezea maziwa kwenye chai. Kitu kingine, alianza kuufunga mlango na kuusukuma tena kuhakikisha. Nikajisifu moyoni kwamba mlango unapendwa.

Alhamisi hiyo Bosi alikuwa anajifunza kusimama. Mimi napiga randa ubao wa rafu, yeye kashika benchi. Akaachia mkono mmoja, akaachia na wa pili, akaanguka, mdomo ukagonga ukingo wa benchi. Damu ya mdomo wa mtoto ni nyingi kuliko mtoto mwenyewe. Nikambeba mbio, nikausukuma mlango bila kubisha. Binti yangu alikuwa katikati ya simu. Aliiona damu, akamwambia mtu wake asubiri kidogo, akabonyeza kitu, akavua hedifoni, akamchukua mtoto na kukimbilia bomba la uani. Alidhani amebonyeza kile kitufe cha kumwekea mteja muziki. Hakukibonyeza vizuri.

Nikabaki chumbani peke yangu. Bawaba ya chini ilikuwa imelegea, nikainama kuitazama, maana fundi hata nyumba ikiungua ataitazama bawaba. Ndipo nikasikia sauti kutoka mezani, ndogo, kama mtu aliyefungiwa ndani ya kopo. Ilikuwa inasema haloo. Ikasema tena, "Mama, bado upo? Hodi jamani."

Mtu akipiga hodi kwangu asiitikiwe, aibu ni yangu. Sikuwaza kampuni wala kosa la tatu. Nikaivaa hedifoni juu ya kofia, nikasema karibu.

Yule bwana aliposikia sauti ya mzee akaniamkia. Nikamwitikia, nikamuuliza hali, akasema tunamshukuru Mungu, nikamuuliza wa nyumbani, akasita kidogo akasema wapo. Akaniuliza na mimi wangu. Nikamweleza kwamba yule dada ametoka, mtoto ameumia mdomo, atarudi sasa hivi. Akampa pole. Nikamuuliza shughuli zake, akasema ni fundi rangi. Nikamwambia mimi seremala. Akacheka, akasema basi ni mimi ninayeacha nyufa kwenye fremu ili yeye azizibe. Nikamwambia mafundi rangi ndio wanaopewa sifa ya milango yetu. Hizo ndizo dakika mbili za salamu zilizoandikwa kwenye barua. Sioni hata sekunde iliyozidi.

Nikamuuliza anasumbuliwa na nini. Akasema ni mke wake. Ana uvimbe tumboni, wiki ya sita sasa wanasubiri barua ya kibali. Na kila akipiga anaambiwa ombi limepokelewa na linashughulikiwa, na hata yule dada mwema aliyetoka sasa hivi amemwambia hivyohivyo. Nikamuuliza, barua kutoka wapi? Akautaja Mfuko.

Nikakaa kwenye kiti cha binti yangu. Mbele yangu kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na maneno yameandikwa kwa herufi kubwa, ya kumsomea mteja, na maneno hayo nilikuwa nayajua kwa moyo.

Kilichofuata wamekiandika neno kwa neno, kwa hiyo hata nikitaka kukipamba siwezi. Nilimwambia hivi: "Sikiliza, fundi. Usisubiri simu. Mchukue mkeo, akishindwa kutembea mbebe, mkakae mlangoni kwenye ofisi yao. Wakisema mrudi kesho, waambie kesho itatukuta hapahapa. Mimi nilisubiri wiki kumi na moja kwa adabu. Mke wangu yuko makaburini, na adabu yangu bado ninayo."

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwani mzee wewe si wa ofisini? Nikamwambia mimi ni wa nyumbani.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, Bosi begani, wote wawili wamelowa. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alinivua hedifoni taratibu kama anamvua mtoto kofia, akamwambia yule bwana samahani, akakata. Nikamuuliza ni tangu lini anawafanyia kazi hawa watu. Akasema tangu mwezi uliopita, kampuni ilipata mkataba, hawakuulizwa. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ningekuambia, baba, ungenifukuza au ungenionea huruma," alisema. "Vyote viwili sina nafasi navyo."

Kisha akaongeza, akiwa anamfuta mtoto, kwamba asipoyasema yeye yale maneno atayasema mwingine, na huyo mwingine hatawapa pole. Yeye huwapa pole. Pole ni sekunde moja, anaificha ndani ya zile nane.

Nilitoka uani nikapiga randa ule ubao wa rafu mpaka ukawa mwembamba haufai.

Barua ilikuja Jumamosi kwenye kompyuta. Ilisema kosa hilo halihesabiwi kama la tatu, ni kubwa kuliko makosa, na kwamba Jumanne saa tatu kutakuwa na kikao, na yule mtu asiyeajiriwa ahudhurie. Mkwe wangu akapiga simu kutoka njiani. Alianza kwa kuniheshimu sana, na mkwe akianza kwa kukuheshimu sana ujue mzigo uko nyuma. Alisema chumba cha mpakani bado kipo, mwenye nyumba amekishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi lori lake litarudi tupu, linaweza kubeba vyombo.

Jumatatu mchana, wakati wa ile nusu saa ya chakula, binti yangu akaniambia kuna njia. Bibi Asali amemnong'oneza. Kwenye fomu zao kuna kuingilia huduma, hiyo ni kufukuzwa. Na kuna ajali ya nyumbani, hiyo ni onyo. Jogoo ni ajali ya nyumbani. Mtoto ni ajali ya nyumbani. Mzee aliyechanganyikiwa akili naye ni ajali ya nyumbani.

"Sema ni uzee, baba," alisema. "Sema hukujua unachosema."

Nikamuuliza, niwe pamoja na jogoo? Akasema, "Pamoja na mimi na Bosi."

Nilikwenda kibarazani kwa fundi viatu nikamwaga hasira zangu zote. Nilimwambia hao watu wanafunga mlango wa hospitali, halafu wanatafuta mama mwenye shida wampe kazi ya kusimama nje ya mlango kuwaambia watu wasubiri, na laana inamwendea yeye. Wao wako wapi? Hawaonekani, hawana hata namba ya simu. Fundi viatu alinisikiliza huku kisigino cha kiatu cha mtu kikiwa mapajani. Akasema yote ni kweli, lakini lori lina tarehe na ukweli hauna. Kisha akasema isitoshe, kila siku natafuta penseli nayo iko sikioni, kwa hiyo nusu ya ugonjwa tayari ninayo, nitakuwa nimedanganya nusu tu.

Jumanne nilivaa shati jeupe. Tulikaa chumbani, mimi kwenye kiti, binti yangu kitandani, Bosi mgongoni mwake kalala. Kwenye kioo wakatokea watu watatu. Mmoja alikuwa mwanamume mwenye tai, ndiye mkubwa. Mwingine alikuwa anaandika tu, hatukuona uso wake, tuliona utosi. Wa tatu alikuwa Bibi Asali. Nilikuwa nimemfikiria mama mnene wa makamo. Kumbe ni binti mdogo, macho yamechoka, na nyuma yake kuna godoro limeegemezwa ukutani kuzuia sauti. Katikati ya kikao mtoto alilia upande wake. Akageuka haraka, akarudi. Hakuna aliyeandika.

Wakaicheza sauti yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kujisikia. Nilidhani nina sauti nzito kuliko ile.

Mwenye tai akaniuliza kama nafahamu nilichokuwa nasema. Nikamtazama binti yangu, naye hakunitazama, alikuwa anatazama kidonda kilichokauka mdomoni mwa mtoto, kwa pembeni, begani mwake. Nikasema sifahamu. Nikasema siku hizi nachanganya mambo, nasahau hata penseli. Utosi ukaandika.

Akauliza kama nina malalamiko yoyote na Mfuko. Nikasema hapana.

Akauliza, "Hapa unasema mkeo alisubiri wiki kumi na moja. Hilo lilitokea?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Miaka thelathini na moja tumelala kitanda kimoja, nikasema sikumbuki, mbele ya mtu mwenye tai ambaye hata kikombe chake hakuacha kunywa. Wamenichukulia mke, wakanirudia wakamchukua na kwenye maneno. Lakini nililisema vizuri, bila kutetemeka. Binti yangu alifumba macho.

Wakanong'onezana. Wakasema ni ajali ya nyumbani. Kazi inaendelea, kwa onyo la mwisho, ila kuna sharti: yule mzee asiwepo ndani ya nyumba saa za kazi, kwa usalama wa huduma. Binti yangu akaweka sahihi. Hakuna aliyeuliza mtoto anaangaliwa na nani. Kwa hiyo kwenye karatasi zao mimi ni mtu mwenye akili isiyotulia, nisikaribie simu, na kuanzia saa mbili asubuhi napewa mtoto wa watu nimlee mwenyewe kibarazani kwa fundi viatu, katikati ya visu na gundi.

Mwenye tai akauliza kama kuna swali. Nikasema ninalo. Nikauliza yule fundi rangi, mke wake amepata barua? Akasema habari za wateja ni siri. Bibi Asali akasema, "Mzee wangu, kapumzike." Kioo kikazima.

Lori lilirudi tupu, likapita tupu. Mkwe wangu alilala siku mbili akaondoka, amekiachia kile chumba. Bosi sasa anatembea, ameshaiba nyundo ndogo ya fundi viatu mara tatu. Saa tano nampeleka kwa mama yake, nabisha, nampitisha mlangoni, nabaki nje ya nyumba kama mwuza mboga. Binti yangu ameanza kula tena mchana, si kingi. Siku moja nilimwomba aniangalizie kwenye kompyuta habari ya yule bwana. Akanieleza kwamba faili likifunguliwa bila simu ya mwenyewe linaandikwa limefunguliwa na nani na saa ngapi, na onyo la mwisho ni la mwisho. Wanaopokea simu ni arobaini. Kama amepiga tena, hakumpata yeye.

Wiki iliyopita nilimweka Bosi mabegani nikaenda mpaka ofisi ya Mfuko. Miaka yote hii sijawahi kufika, maana walisema tusije. Ni jengo la kawaida, ngazi sita, mlango wa kioo ambao bawaba zake zimefungwa ovyo. Kwenye ngazi hakukuwa na mtu hata mmoja. Nikamuuliza mlinzi watu wanangojea wapi. Akasema siku hizi ni marufuku kukaa pale, amri imetoka juu, baada ya bwana mmoja mwenye suruali ya madoadoa ya rangi kuleta mkewe na mkeka wakakaa siku mbili. Mlinzi mwenyewe aliwapa maji. Siku ya tatu alipokuja zamu hakuwakuta.

Nikamuuliza kama walipewa barua yao. Akasema yeye analinda mlango, halindi barua. Nikamuuliza yule mama alikuwa katika hali gani, akasema alikuwa amejifunika. Kisha akaniomba nisisimame pale na mtoto, kamera inaona.

Nilimsimulia binti yangu saa tano, mlangoni, yeye akiwa ananyonyesha. Alisikiliza mpaka mwisho. Dakika zake kumi zilipokwisha akanirudishia mtoto, akavaa hedifoni, akasogeza kiti. Nikamuuliza kabla hajafunga, waliondoka na barua, au waliondoka tu?